Siku Tatu za Abdurrahman bin Awf

Mwishoni mwa Dhul-Hijja mwaka 23 Hijria (644 Miladia), Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alichomwa jambia ndani ya Swala ya Alfajiri na Abu Luluah, mtumwa wa Al-Mughira bin Shu'ba. Watu walimtaka ausie mtu wa kushika ukhalifa. Hakumtaja mmoja. Aliliacha jambo kwa Masahaba sita ambao Mtume (s.a.w.) alifariki hali ya kuwa yu radhi nao: Uthman, Ali, Talha, Zubayr, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Awf (r.a.). Mwanawe Abdullah alimruhusu kuhudhuria tu, bila ya kuwa na fungu lolote katika uongozi. Said bin Zayd naye hakutajwa, ingawa ni katika kumi waliobashiriwa Pepo. Wanazuoni wameeleza sababu kuwa ni ujamaa, kwani alikuwa mume wa dada yake Umar.

Kwa mapokezi ya Al-Bukhari, Abdurrahman aliwataka wenzake wapunguze idadi hadi watatu. Zubayr akamwachia Ali, Talha akamwachia Uthman, na Saad akamwachia Abdurrahman. Kisha akauliza ni nani kati ya watatu hao atakayejitoa ili apewe kazi ya kuchagua. Wawili wakanyamaza, akajitoa yeye. Hapa pana jambo kubwa: msimamizi hakuwa tena mgombea.

Siku tatu alizunguka Madina, na usingizi aliuonja kidogo tu. Ibn Kathir anasimulia kwamba aliwauliza wakubwa na watu wa kawaida, kwa siri na kwa dhahiri, hata wanawake majumbani mwao, watoto wa chuoni, na wasafiri walioingia mjini. Akaona watu wameelekea kwa Uthman, isipokuwa yanayonukuliwa kuhusu Ammar na Miqdad kwamba walimtaka Ali. Wagombea nao aliwauliza faraghani. Usiku wa mwisho alikaa na Ali hadi usiku mwingi, kisha na Uthman mpaka wakatenganishwa na adhana ya Alfajiri. Baada ya Swala, mbele ya Muhajirina, Answari na maamiri wa majeshi, alimwambia Ali kuwa amewatazama watu na hakuwaona wakimlinganisha yeyote na Uthman. Akambai Uthman, na watu wakambai. Zipo riwaya zinazodai kuwa Ali alihisi amefanyiwa hila. Ibn Kathir amezikataa kwa kupingana na zilizo sahihi.

Mafakihi wamelitumia tukio hili katika suala linaloulizwa misikitini kila uchaguzi unapokaribia: je, Muislamu aombe uongozi? Hadithi ya Abdurrahman bin Samura, aliyekatazwa na Mtume (s.a.w.) kuomba uamiri, ni mashuhuri. Lakini Al-Mawardi (aliyefariki 450 H/1058 M), katika Al-Ahkam as-Sultaniyya, anataja kwamba baadhi ya mafakihi waliona kushindania ukhalifa ni aibu inayomwondolea mtu sifa, na wengi wao wakasema si aibu, kwa hoja ya kwamba watu wa Shura walishindana na hawakukataliwa. Naona kauli hii ya pili ndiyo yenye nguvu, maadamu mtu hakununua wala kutisha.

Kwa wachaguaji, Al-Mawardi ameweka masharti matatu: uadilifu, elimu ya kumjua anayestahiki, na rai yenye hekima. Wakilingana wawili, hutazamwa haja ya wakati. Mipaka ikiwa hatarini, hutangulizwa shujaa. Bid'a zikienea, hutangulizwa mwenye elimu. Kabila na ukoo wa mchaguaji havimo katika mizani hiyo.

Na kuhusu anayempa mtu kura kwa kanga, kilo ya sukari au noti, Al-Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya watu watatu ambao Allah hatawasemesha Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyembai kiongozi kwa ajili ya dunia tu: akipewa hutekeleza, akinyimwa huvunja. Hadithi inamtaja mwenye kutoa bai'a. Wa kutoa rushwa ana hadithi yake, iliyomlaani pamoja na mpokeaji.