Mkojo Ukikuponyoka Ukiruka: Hii Stori Ina Miaka Mingi

Fomu ya tatu, netiboli, mechi ya kaunti ndogo. Naruka kudaka mpira, natua, nasikia kitu cha moto kidogo kwa paja. Si jasho. Nilijua si jasho. Kuanzia siku hiyo nikawa navaa kaptura nyeusi chini ya sketi, pedi hata kama siko kwa siku zangu, na siku ya mechi sigusi maji tangu asubuhi. Kocha alikuwa anashangaa mbona misuli inanikaza kila robo ya mwisho.

Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilikuwa na miaka 16, sijazaa, na kila mtu anajua kuvuja mkojo ni mambo ya wamama, sivyo? Juzi ndio nimekaa chini nikafuatilia hii kitu vizuri (faida moja ya kuacha chuo, hakuna mtu anakupangia cha kusoma) na manze, hii historia tungefunzwa shule.

Turudi 1928, Olimpiki ya Amsterdam. Wanawake wanakimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Lina Radke wa Ujerumani anashinda kwa rekodi ya dunia, dakika 2 na sekunde 16.8. Waliingia fainali tisa, wakamaliza wote tisa. Lakini magazeti yakaandika eti wanawake walianguka ovyo pale uwanjani, wakubwa wakaamua hiyo mbio ni hatari kwao. Hawakukimbia 800 tena kwa Olimpiki mpaka Roma, 1960. Miaka 32! Marathoni yao ilingoja mpaka Los Angeles, 1984. Na wimbo ulikuwa ule ule: mwili wa mwanamke hauwezi, mtaharibu uzazi. Kathrine Switzer, yule aliyekimbia Boston 1967 afisa akataka kumng'oa namba katikati ya barabara, amesimulia vile watu waliamini ukikimbia sana kizazi kitaanguka. Na usidhani ni mambo ya kale. 2005 mkuu wa shirikisho la kimataifa la ski, Gian-Franco Kasper, bado alikuwa anasema kuruka kwa ski hakuwafai wanawake kiafya. Waliruhusiwa Sochi, 2014. Mimi 2014 nilikuwa tayari naruka kamba shuleni.

Sasa fikiria wewe ndio huyo msichana. Mmepigana miaka yote mruhusiwe kukimbia, halafu unagundua ukikimbia mkojo unakuponyoka. Utamwambia nani? Ukifungua mdomo umewapa fimbo ya kukuchapa nayo. Kwa maoni yangu huo uongo wa kizazi kuanguka ulitufunga mdomo kuliko hata aibu yenyewe.

Na uchungu ni kwamba dawa ilikuwa inajulikana.

Chini ya nyonga kuna misuli imetandazwa kama kitanda cha kamba, kutoka mfupa wa mbele mpaka kifupa cha mkia. Inaitwa sakafu ya nyonga. Inabeba kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo, na ndiyo inasaidia kufunga njia ya mkojo. Ukiruka ukatua, tumbo linasukuma kila kitu chini. Misuli ikichelewa kukaza, au ikiwa imechoka, mkojo unapita. Ni hivyo tu. Hakuna laana, na si uchafu.

1936 Margaret Morris, mcheza dansi wa Uingereza aliyesomea pia tiba ya viungo, alichapisha kitabu cha mazoezi ya wajawazito na waliofanyiwa upasuaji. Miaka 12 baadaye, 1948, daktari wa Los Angeles anaitwa Arnold Kegel akaandika kuhusu wanawake ambao misuli hii ililegea baada ya kuzaa. Jina lake mmelisikia, ndilo watu wanaitia mazoezi yenyewe. Lakini watu husahau kwamba Kegel hakuwaambia wagonjwa wake "kaza" tu kisha akawaacha waende. Aliunda kifaa: kipira cha hewa kinachoingia ukeni, kimeunganishwa na saa ya kupima presha. Ukikaza, mshale unapanda, unaona kwa macho yako. Dakika 20, mara tatu kwa siku. Mwanamke alikuwa na ushahidi mkononi kwamba anafanya sawa.

Baadaye kile kifaa kikasahaulika, yakabaki maneno. Karatasi ya maelezo, shangazi, siku hizi video ya sekunde 30. Matokeo? 1991 watafiti Marekani waliwafundisha wanawake 47 kwa mdomo tu, kisha wakawapima. Waliofanya vizuri kabisa walikuwa 23, hata nusu hawakufika. Na 12 walikuwa wanafanya kwa njia ambayo ingeweza kuzidisha kuvuja. Wanasukuma chini badala ya kuvuta juu. Shika hiyo, nitairudia.

Halafu, hiyo yote ilikuwa ya wamama. Msichana wa miaka 18 anayecheza mpira hakuwa hata kwa hesabu. Mpaka 1994, daktari Ingrid Nygaard na wenzake walipowauliza wanamichezo wa chuo kikuu kimoja Marekani. Walijibu 144, umri wao karibu miaka 20, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaa. Asilimia 28 walisema mkojo huwaponyoka wakicheza. Jimnastiki asilimia 67. Mpira wa vikapu 66. Gofu sufuri, kwa sababu gofu unatembea tu. Na kati ya waliovuja, asilimia 40 walisema ilianza wakiwa sekondari. Niliposoma hapo nilifunga simu nikanyamaza kidogo. Fomu ya tatu.

2002 Uswidi wakaangalia wasichana 35 wa trampolini, wa miaka 12 hadi 22. Asilimia 80 walivuja, lakini wakiwa kwa trampolini pekee, si wakikohoa wala wakicheka nyumbani. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie wewe ni mlegevu. Mwili unaweza kuwa na nguvu za kawaida kabisa, ila mchezo unadai zaidi ya hiyo.

Swali likawa: mazoezi ya wamama yanasaidia wanamichezo? Kari Bø wa Norwe ndiye amelifuata hili kuliko wengi. 1999 timu yake ililinganisha mazoezi, umeme wa kuamsha misuli, vikoni vya uzito na kutofanya kitu. Mazoezi yalishinda. Wale walikuwa wanawake wa kawaida, lakini 2014 huko Ureno wachezaji voliboli walifanya mazoezi hayo miezi mitatu, na kuvuja kwao kukapungua kuliko wenzao ambao hawakufanya. Upasuaji nao una historia yake chungu: nyavu za plastiki zinazowekwa kupitia uke ziliumiza wanawake wengi, na 2019 Marekani ikasimamisha uuzaji wa zile za kutibu kizazi au kibofu kilichoshuka. Hilo ni somo la siku nyingine.

Kuna wengine shida yao ni kinyume. Misuli imekaza sana, haiachilii, wanasikia maumivu, na mkojo pia unavuja. Huyo ukimwambia akaze zaidi unamuumiza. Anahitaji kufunzwa kulegeza kwanza. Ndiyo maana mimi sitaweka hapa video ya "fanya hivi mara kumi". Mtu akupime.

Hapa kwetu tunapenda stori za mama aliyerudi na medali. Vivian Cheruiyot alizaa 2013, akachukua dhahabu ya 5000 Rio 2016. Hellen Obiri alizaa 2015, akachukua fedha mbio hiyo hiyo. Faith Kipyegon alizaa 2018, akatetea dhahabu yake Tokyo. Tunauliza muda wao, tunauliza ugali. Ufaransa mwanamke akishazaa anaandikiwa vipindi vya kurekebisha sakafu ya nyonga na bima ya serikali inalipa. Sisi dada yangu alipotoka wodini alipewa tarehe za chanjo za mtoto, yeye mwenyewe hakuulizwa chochote.

Mimi nilichukua pesa ya tangazo moja nikaenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke, mpole. Aliniuliza kama nafanya mazoezi. Nikamwambia kwa kiburi, miaka miwili, kila siku. Akanipima. Miaka miwili nilikuwa nasukuma chini. Akanifunza upya: vuta ndani na juu kama unazuia ushuzi na mkojo pamoja, usifunge pumzi, usikaze matako, shika sekunde kadhaa, achilia yote. Na kaza kabla hujaruka, si baada ya kutua.

Hiyo ilikuwa Februari. Jumamosi iliyopita nimeruka kamba mara mia mbili pale uwanjani, na kaptura ya kijivu.