Mlezi wa Shule na Uwanja wa Dunia

Je, kocha hodari wa wanafunzi aweza kufaulu kwa wanamichezo wa kulipwa?

Huko Marekani, Nick Saban alitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2003 katika mpira wa Kimarekani. Akiwa na timu ya kulipwa ya Miami Dolphins, 2005 hadi 2006, alishinda michezo 15, akapoteza 17. Akarudi kufundisha wanachuo, akatwaa mataji mengine 6.

Jirani zetu Kenya wana habari nyingine. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick, bila mafunzo ya riadha. Mwanafunzi wake, Peter Rono, alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul, 1988. Mwaka 2012, London, David Rudisha aliyefundishwa naye alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Bruda hakuhama, mabingwa ndio waliomfuata Iten. Naye Saban, kurudi kwake kulikuwa kuutambua wito.

Basi nasi hapa Dodoma tusimwambie mwalimu anayebaki na vijana wetu kwamba amekwama. Tumwombee, tumtunze.