Fremu ya Miaka Mitano

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea daftari lake. Anataka kufungua duka la bei nafuu kwa jina la kampuni kubwa: kampuni itoe jina na bidhaa, yeye atoe mtaji na jasho. Alikuwa ameandika kila kitu, rafu, rangi, mizani, hata ufagio. Nikamwuliza mkataba wa fremu ni wa miaka mingapi. Hakuwa ameuliza.

Basi nikamsimulia habari za Sam Walton.

Mwaka 1945 Walton alikuwa na umri wa miaka 27, ametoka jeshini, na dukani alikuwa na uzoefu mdogo. Katika mji mdogo wa Newport, jimbo la Arkansas, Marekani, kulikuwa na duka la vitu vidogo vidogo lenye jina la Ben Franklin. Jina hilo lilikuwa mali ya kampuni ya Butler Brothers. Bei ya duka ilikuwa dola 25,000. Walton alikuwa na 5,000. Zilizobaki, 20,000, alikopeshwa na baba mkwe wake. (Wengine wetu mkwe hatukopeshi hata nauli!)

Masharti yake ndiyo haya. Alipewa mafunzo ya wiki mbili na vitabu vya hesabu vilivyokwisha kupangwa. Bidhaa zake nyingi, kama asilimia 80, ilimbidi azinunue kwa Butler Brothers. Kodi ya jengo nayo ilikuwa asilimia 5 ya mauzo, si ya faida, jambo ambalo baadaye alikuja kugundua kuwa ni ghali kupita kiasi.

Kilichomwokoa ni ile sehemu ndogo aliyoachiwa kununua atakako. Chupi za kike, kwa mfano. Butler Brothers waliziuza dazeni dola 2.50, naye akiziuza tatu kwa dola moja. Akampata mtu wa New York aliyeziuza dazeni dola 2; akaziuza nne kwa dola moja. Pigeni hesabu: faida ya dazeni ilishuka kutoka dola 1.50 hadi dola 1, lakini dazeni zenyewe ziliondoka kama maandazi ya asubuhi. Mauzo ya duka, yaliyokuwa dola 72,000 kwa mwaka kabla yake, yalifika kama 250,000 mwaka wa tano.

Mwaka huo wa tano mkataba wa jengo ukaisha. Walton, kwa haraka ya ujana, hakuwa ameweka kifungu cha kumruhusu kuuongeza. Mwenye nyumba alikuwa na mwanawe wa kumpa duka. Akakataa kodi yoyote. Akanunua rafu na bidhaa, Walton akafungasha mke na watoto.

Mimi hapa nilishindwa kuendelea kwa muda, maana yalinikuta. Mwaka mmoja nililipia fremu kilemba, nikatia vigae na umeme. Mwenyewe akanipa notisi ya mwezi mmoja. Vigae vile bado navipita kila nikienda sokoni.

Mwaka 1950 Walton alihamia Bentonville. Safari hii, ili kupanua duka, alihitaji chumba cha jirani, cha kinyozi. Alikichukua kwa mkataba wa miaka 99.

Mwaka 1962 aliwaendea wenye jina la Ben Franklin, akawaomba wapunguze faida yao ya jumla ili wafungue pamoja maduka makubwa ya bei nafuu. Wakakataa. Mwezi wa Julai mwaka huohuo akafungua lake Rogers, si mbali na Bentonville, akaliita Wal-Mart. Sehemu kubwa mno ya fedha ilikuwa yake na ya mikopo. Kampuni ya Ben Franklin iliomba kufilisiwa mwaka 1996.

Kijana alifunga daftari lake, akaenda kumtafuta mwenye fremu. Hajarudi kunipa jibu.