Mtazamaji, Filamu za Kigeni na Neno "Kutafsiri"

Husemwa mara kwa mara kwamba mtazamaji wa kawaida hazijui filamu za kigeni kwa kuwa hajui lugha zake. Historia ya Afrika Mashariki yaonyesha vingine. Awaara ya Raj Kapoor (1951) na Mother India (1957) zilijaza majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam, ingawa zilisema Kihindi. Watazamaji wengi walifuata kisa kwa macho, kwa nyimbo, na kwa msaada wa jirani aliyekwisha kuiona filamu, ambaye mara nyingine alieleza mambo kabla hayajatokea!

Zilipoenea kanda za video, jirani huyo alipata kipaza sauti. Nchini Tanzania, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alitia sauti yake juu ya filamu nyingi za kigeni. Akawasemea wahusika wote yeye peke yake, akafafanua desturi zao, na kutania pia. Umma ukaziita filamu "zilizotafsiriwa".

Hapa mwanaistilahi hana budi kusita. Mfasiri hufungwa na matini, mkalimani hufungwa na msemaji; huyu alijiongezea apendavyo. Tukimwita mfasiri, mtazamaji atadhani kwamba kila neno alilolisikia ni la mtungaji wa filamu. Twaona neno msimulizi lamfaa zaidi, na kazi yake iitwe usimulizi wa filamu. Kuweka sauti za waigizaji wengine mahali pa zile za asili ni kazi nyingine kabisa, nayo yastahili istilahi yake yenyewe.