Jino la mama na zebaki

Wadau, majuzi nilipanda milima ya Upare kutoka Same mjini, nikamkuta mama kakunja uso. Jino haliumi. Kasikia kwamba lile alilozibwa zamani kwa madini ya rangi ya fedha lina zebaki, anataka yatolewe.

Hofu yake ni ya zamani. Karibu nusu ya mchanganyiko huo, amalgamu, ni zebaki. Ulipoingia Marekani miaka ya 1830, madaktari wa meno waligombana. Chama chao cha kwanza, kilichoanzishwa mwaka 1840, kikawataka wanachama waahidi kutoutumia. Ugomvi huo ulikidhoofisha, kikafa mwaka 1856, amalgamu ikabaki.

Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulipitishwa mwaka 2013, Tanzania ikauridhia 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama zikakubaliana watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasizibwe nayo, ila daktari akiona ni lazima. Novemba 2025 zikaweka ukomo: 2034.

"Si unaona mwanangu? Nikaitoe!"

Hapana, mama. Ikiwa nzima hutoa mvuke kidogo sana; kuichimba ndiko huuzidisha. Iache. Wajukuu zako ndio tuwaulizie ile nyeupe.