Kinga na Kinga: Historia ya Banda la Kuni Nakwa

Wazee walisema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu, wengine wataeleza habari za mazao, za mizani na za maghala. Mimi nimeona vema niandike juu ya jengo dogo kuliko yote, lisilopata kutajwa katika taarifa yoyote ya mwaka, yaani banda la kuni lililo nyuma ya nyumba. Jengo hilo lina historia yake, na ndani ya historia hiyo mwanachama ataiona asili ya ushirika.

Zamani, nchi hii ya Babati iliyo baina ya ziwa na Mlima Kwaraa haikuhitaji banda la kuni. Miti ilikuwa karibu, na mama aliyetoka asubuhi alirudi na tita lake kabla jua halijawa kali. Jengo lililohitaji mikono mingi lilikuwa nyumba yenyewe, lile tembe la Wagorowa na Wairaqw lenye paa la udongo. Mwenye kujenga aliwaita jamaa na majirani, akawaandalia chakula na pombe. Nao wakakata nguzo, wakapanga boriti na fito, wakatandaza udongo juu yake. Hapana aliyeandika deni, wala hapana aliyelisahau. Aliyesaidiwa leo alijua kwamba kesho ataitwa naye.

Kisha mambo yakageuka. Watu waliongezeka, mashamba yakapanuka, na baina ya mwaka wa 1973 na 1976 watu wengi wa Tanzania walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Penye nyumba nyingi mahali pamoja, kuni za karibu huisha upesi. Mwendo wa mama ukawa mrefu, na mzigo wake ukawa wa miti mibichi, kwa kuwa mikavu ilikwisha kuokotwa.

Katika wilaya yetu jambo hili lilifikia kilele chake kwenye msitu wa Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa hekta 9,000 hivi. Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Habari hizo zilipoenea, wako watu waliokimbilia kukata, kwa maana mtu hakitunzi kitu anachojua kwamba atanyang'anywa. Lakini katika miaka ya 1994 na 1995 vijiji vinane vilivyouzunguka vilikubaliwa kuutunza vyenyewe. Vikaweka mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikachagua walinzi kutoka miongoni mwa wanakijiji. Msitu ukaanza kupona. Mwaka wa 2002 Sheria ya Misitu iliitambua misitu ya vijiji katika nchi nzima.

Basi, ikiwa msitu umelindwa, kuni zitumike namna gani? Hapo ndipo banda linapoingia. Mti mbichi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na sehemu kubwa ya moto wake hupotea kwa kuyachemsha maji hayo. Kinachobaki ni moshi machoni mwa mpishi. Kuni zilizopasuliwa, zikapangwa mahali penye upepo chini ya paa, hukauka hata maji yakawa sehemu moja ya tano au pungufu. Chungu kile kile hupikwa kwa kuni chache zaidi. Kwa hiyo banda zuri ni mlinzi wa pili wa msitu, naye halipwi mshahara.

Siku ya kulijenga, kila mtu ana kazi yake. Wakati bora ni baada ya masika, ardhi ikiwa bado laini na miezi ya kiangazi iko mbele. Banda lisigusane na ukuta wa nyumba, mchwa wasije wakapata njia, wala nyoka wasije wakajificha karibu na mlango. Vijana huchimba mashimo sita yenye kina cha futi mbili. Fundi huzisimamisha nguzo kwa timazi, tatu za mbele zikiwa ndefu kuliko tatu za nyuma, ili maji ya mvua yatiririke nyuma. Miguu ya nguzo hupakwa oili chafu. Watoto huleta mawe ya kuinulia sakafu ya miti, hewa ipite chini. Kuta ni mabanzi yaliyoachiwa nafasi, na juu hupigwa bati. Jioni kuni hupangwa, nzee mbele na mpya nyuma, kisha watu wote hula pamoja.

Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata chama cha KNCU cha Kilimanjaro kikaandikishwa. Mwaka wa 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka wa 1982 sheria mpya ikavirudisha. Lakini ujima wa majirani haukuvunjwa na mtu, kwa kuwa haukuwa umeandikwa katika daftari lolote.

Hata hivyo, tusiusifu ujima kupita kiasi. Ulikuwa na kasoro moja kubwa: mwenye kuwaita watu alipaswa kuwalisha. Mjane asiye na akiba, au mzee asiye na vijana wa kuupeleka msaada kwa wengine, aliona haya kuita, na kuni zake zikaendelea kunyeshewa. Aliyehitaji banda zaidi ya wote ndiye aliyelikosa.

Ndiyo sababu ya kuwa na Chama chenye daftari, hisa na mkutano mkuu, ambamo kura ya maskini ni sawa na kura ya tajiri. Daftari linaweza kumkumbuka yule ambaye ujirani ulimsahau. Ndugu wanachama na viongozi, tuingiapo katika miaka kumi ya pili, kila mmoja wetu atazame nyuma ya nyumba ya jirani yake. Akiona kuni zimelala chini zikinyeshewa, asingoje kuitwa. Achukue shoka na misumari, awaite wenzake wawili watatu, na chakula cha siku hiyo wakibebe wao.