Paka Hajui Mpaka

Sumu niliinunua mwenyewe, kwa shilingi mia tano, kutoka kwa kijana aliyekuwa akipita mtaani na kipaza sauti: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto. Nilimuuliza kama inaweza pia kumuua paka. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Anayekula ndiye anayekufa, kaka."

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, pembezoni mwa mji wa Singida. Mvua zilikuwa zimekwisha. Nyuma ya nyumba mama alikuwa ametengeneza matuta manne ya mchicha na figiri, bustani ya kiangazi inayoishi kwa maji ya ndoo. Kila asubuhi tuliikuta imefukuliwa. Miche ililala mizizi juu, na katikati ya tuta kulikuwa na kile ambacho paka huacha na kufunika. Alikuwa paka wa rangi ya majivu, wa jirani au wa mtaa mzima. Dada yangu alikuwa na ujauzito wa miezi sita, na muuguzi wa kliniki alikuwa amemwonya kuhusu kinyesi cha paka na mboga za majani. Kwangu hesabu ilikuwa rahisi: paka mmoja upande huu, dada na mtoto wake upande ule.

Mama aliniona nikichanganya sumu na dagaa. Hakupandisha sauti. "Kuku wangu wanapita hapo," alisema. "Na huyo paka ndiye anayelinda gunia langu la uwele. Ukimaliza kumuua, utalala wewe stoo?"

Mpwa wangu wa miaka saba, aliyekuwa akitusikiliza, akauliza swali ambalo lilinishinda. "Bibi anamwaga mavi ya ng'ombe bustanini kila mwaka. Mbona ya paka hamyataki?"

Swali lake ni la historia ya Singida yenyewe. Mvua hapa hunyesha msimu mmoja, na udongo mwingi ni wa kichanga unaochoka upesi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, aliishi na Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, na kitabu chake cha 1970 kinaonyesha jinsi samadi ilivyokuwa kiini cha uchumi wao. Ng'ombe hakufugwa kwa maziwa na mahari peke yake. Alifugwa pia kwa kile anachokiacha zizini usiku, kwa sababu shamba lililo karibu na mji lilitegemea samadi ili litoe mtama na uwele wa kutosha. Nafaka ikizidi, hubadilishwa kwa mifugo. Mifugo ikizidi, samadi inazidi. Mama hajasoma kitabu hicho, lakini samadi yake huiacha ioze miezi kadhaa kabla ya kuigusa, kama alivyofundishwa na mama yake.

Kuna wakati dunia iliwahi kumtumia hata paka kama mbolea. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Beni Hasan nchini Misri, yaligunduliwa makaburi ya paka waliokaushwa na kufungwa sanda maelfu ya miaka iliyopita, waliotolewa wakfu kwa mungu wa kike. Mwaka 1890 shehena ya tani 19 hivi, iliyokadiriwa kuwa na paka 180,000, iliingia bandari ya Liverpool. Ikauzwa kwa mnada, ikasagwa, ikatawanywa mashambani mwa Uingereza. Mnyama aliyezikwa kwa heshima za kidini akaishia chini ya mazao ya watu wasiomjua mungu wake.

Lakini kinyesi cha paka ni jambo jingine, na sababu yake pia ilianza kujulikana katika bara letu. Mwaka 1908, mjini Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux walikuta kijidudu kisichojulikana ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye gundi. Mwaka huohuo Alfonso Splendore alikiona kijidudu hicho ndani ya sungura huko Brazil. Kikapewa jina Toxoplasma gondii, na yule gundi wa Tunisia yumo ndani ya jina hilo mpaka leo. Zikapita zaidi ya miaka 60 kabla ya watafiti kuthibitisha, karibu na mwaka 1970, kwamba ni ndani ya utumbo wa paka na ndugu zake tu ndimo kijidudu hicho kinapotengeneza vijiyai vyake vinavyotoka na kinyesi.

Paka anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi kwa kula panya, hutoa vijiyai hivyo kwa wiki moja hadi tatu. Vikishatoka vinahitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, na katika udongo wenye unyevu vinaweza kudumu zaidi ya mwaka. Watu wengi wanaoambukizwa hawajui hata kama wameambukizwa. Hatari ni kwa mtu mwenye kinga dhaifu, na kwa mjamzito anayepata maambukizi hayo kwa mara ya kwanza, kwani yanaweza kumfikia mtoto tumboni. Muuguzi alikuwa sahihi. Ila hakusema muue paka. Alisema osheni mboga vizuri, zipikeni, nyama iive, na anayelima avae glovu na kunawa. Neno la kuua nililiongeza mimi.

Na huyu paka, nani alimleta? Mwaka 2007 watafiti walilinganisha vinasaba vya paka karibu 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba paka wote wa nyumbani wanatokana na Felis lybica, paka wa porini wa Afrika na Mashariki ya Karibu. Kwa Kiswahili tunamwita kimburu. Yumo katika vichaka vya Tanzania, mwenye miguu mirefu na mistari iliyofifia, na ukimwona kwa mbali unaweza kuapa kwamba ni paka wa jirani. Kisiwani Cyprus, wanaakiolojia walikuta paka aliyezikwa kando ya mtu yapata miaka 9,500 iliyopita. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo kuna mtu aliyempakia chomboni akavuka naye bahari.

Maelezo ya wataalamu wengi ni kwamba paka alifuata nafaka. Binadamu alilima, akahifadhi mazao, panya wakaja, na paka akaja nyuma ya panya. Ng'ombe tulimkamata na kumfunga kamba. Paka alikaribia mwenyewe, akaona panamfaa, akabaki kwa masharti yake. Hata huku kwetu kazi yake ilikuwa kwenye vihenge vya mtama na uwele. Hatukuwahi kumfundisha wapi pa kupita na wapi pa kukomea. Paka hajui mpaka, ingawa kwa Kiswahili jina lake limo ndani ya neno hilo.

Singida imekuwa ikijenga mipaka siku nyingi. Ukitembea vijijini utaona minyaa, ule mti usio na majani ya maana, wenye vijiti vya kijani vilivyojaa utomvu mweupe. Unakatwa tawi, unalichomeka ardhini, linaota hata kwenye ukame. Ng'ombe na mbuzi hawaugusi, na mtoto anayeuchezea huonywa mapema, kwa kuwa utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Kulikuwa pia na tembe, nyumba ndefu zenye paa bapa la udongo, na mazizi ya miti na miiba. Vyote hivyo vilijengwa kwa ajili ya ng'ombe asiingie shambani na fisi, chui au simba asiingie zizini. Paka mdogo hakuwa katika hesabu. Alipita chini ya minyaa na kutembea juu ya tembe apendavyo, na hakuna aliyejali, kwa sababu kati ya mji mmoja na mwingine kulikuwa na nafasi.

Nafasi hiyo ndiyo iliyobadilika. Kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa, na Singida haikubaki nje. Familia zilizokuwa zikitenganishwa na mashamba zikawa majirani wa hatua chache. Baadaye mji nao ukakua, viwanja vikapimwa, kuta za tofali zikapanda. Bustani ya mama yangu ina upana wa hatua kumi na mbili. Upande wa pili wa ukuta ni uwanja wa mtu mwingine, na nyuma yake mwingine. Kwa paka wa majivu, viwanja vyote hivyo ni mbuga moja yenye vichuguu vya matofali.

Nilipokuwa nikiwaza hayo nilikumbuka habari ya Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kusini mwa mkoa wetu. Simba 6 walikutwa wamekufa kwa sumu, na pamoja nao tumbusi zaidi ya 70. Sumu inayotegwa kwa ajili ya simba haiishii kwa simba. Anayekuja kula mzoga naye anakufa. Kipimo ni kikubwa kuliko bustani ya mchicha, lakini kanuni ni ileile. Dagaa wangu wangeliwa na paka, au na kuku wa mama, au na mbwa wa jirani, na panya aliyekula sumu akaliwa na bundi. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu. Huko Simanjiro wafugaji wameonyesha njia nyingine. Wanapanda miti ya jamii ya Commiphora kuzunguka zizi na kuiunganisha na wavu wa chuma, mpaka ukuta unakuwa hai na simba anabaki nje. Simba huachwa na usimba wake, na kazi yote hufanyika kwenye zizi.

Mama hakuhitaji habari za Simanjiro. Jioni ile alinituma na panga nikakate matawi ya mgunga. Tukayalaza juu ya matuta, miiba juu, yakiacha nafasi ya miche kuchomoza. Ni kile ambacho wanawake wa huku wamekifanya kila siku dhidi ya kuku kwenye vitalu. Paka anataka udongo mkavu, laini na mtupu anaoweza kuufukua. Ukimwondolea kimojawapo, anaondoka. Katikati ya mistari tukatandaza majani makavu ya mtama, na mama akabadilisha saa ya kumwagilia kutoka asubuhi hadi jioni, ili usiku paka akute pameloa. Nilipendekeza pilipili ya unga, kwani nilikuwa nimesikia inafukuza paka. Akakataa. "Atajilamba miguu, itamuingia machoni. Wewe ungependa?" Naftalini pia nikaiacha dukani, maana nayo ni sumu.

Asubuhi ya tatu matuta yalikuwa salama. Lakini sasa paka alikuwa ameanza kufukua chini ya kamba ya nguo. Ndipo mama akasema jambo ambalo mimi, msomi wa nyumba, sikuwa nimeliwaza. "Zamani alikuwa anakwenda wapi?"

Tukatazama juu ya ukuta. Jirani alikuwa akijenga. Kwa karibu mwaka mzima kulikuwa na lundo la mchanga uani kwake, lori zima likisubiri fedha za kupiga lipu. Mwezi wa nne fedha zikapatikana, fundi akaja, mchanga ukaisha. Choo cha paka kikapakwa ukutani. Wiki ileile bustani yetu ikaanza kufukuliwa. Paka hakuwa amebadilika tabia hata kidogo. Kilichobadilika ni ujenzi wa jirani, na sisi tukamtafutia paka hukumu.

Nilichota ndoo nne za mchanga korongoni, nikazimwaga kwenye kona yenye kivuli, mbali na bustani na mbali na kuku. Siku ya pili nilimkuta pale, amechuchumaa, akinitazama kwa dharau ya mtu aliyefunguliwa mlango wa choo. Tangu hapo mmoja wetu huvaa mfuko wa plastiki mkononi na kuzoa kila asubuhi, kabla ya zile siku moja hadi tano kutimia. Dada hakukaribia kona hiyo. Mboga zake zilioshwa kwa maji mengi na kupikwa. Akajifungua salama mwezi wa nane, mtoto wa kike.

Ile sumu niliitumbukiza kwenye shimo la choo usiku uleule mama aliponikuta nayo. Sikumweleza mpwa wangu yote kuhusu Tunis na Liverpool. Nilimwambia kwamba ng'ombe anakula majani na paka anakula panya, na kinachotoka si kimoja. Akaridhika, akaenda kumpa paka mabaki ya dagaa, wale ambao sikuwa nimewachanganya na kitu.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu. Jirani ameanza chumba kingine, lori limeshusha mchanga, na paka amerudi kwake. Mama ameuchukua ule wa kwetu akajazia dimbwi mbele ya mlango. Miiba ameiacha pale pale juu ya matuta, kwa sababu, alisema, chumba hicho nacho kitakwisha.